Sasa na Zamani: Istilahi Mbili za Kiswahili katika Somo la Dini Chuo Kikuu

Mwanafunzi anayesoma dini za jadi za Kiafrika katika chuo kikuu hukutana mapema na istilahi mbili ambazo, kwa msemaji wa Kiswahili, huonekana hazihitaji ufafanuzi: sasa na zamani. Aliyeziingiza katika taaluma hiyo ni John Mbiti, Mkamba wa Kenya aliyezaliwa mwaka 1931 na kufundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974. Kitabu chake African Religions and Philosophy (1969) kilitokana na mihadhara aliyoitoa huko. Makala hii inaeleza jinsi maneno hayo yalivyogeuzwa kuwa istilahi, na ugumu unaomkabili mtafiti anayeyatumia ndani ya Kiswahili chenyewe.

Mbiti aliandika kwa Kiingereza, na aliona kwamba mgawanyo wa wakati katika uliopita, uliopo na ujao ungemrudisha msomaji kwenye fikra za Kimagharibi. Kwa hiyo aliazima maneno kutoka nje ya lugha hiyo. Sasa, kwa matumizi yake, ni kipindi ambacho mtu anakiishi: mambo ya karibuni anayoyakumbuka pamoja na machache yanayokaribia kutokea. Zamani ni wakati mpana unaomeza yote yaliyopita. Marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Anapofariki wa mwisho aliyemjua, huzama katika Zamani. Dhana hii ina nguvu, kwani inaeleza bila kejeli kwa nini mjukuu hupewa jina la babu na kwa nini tambiko huwataja wafu waliojulikana kabla ya wale waliosahauliwa.

Utata unaanzia kwenye ushahidi. Mbiti alichambua nyakati za vitenzi vya Kikamba, akahitimisha kuwa wakati ujao haufiki mbali zaidi ya takribani miaka miwili. Hoja hiyo ilichipuka katika utafiti wake wa uzamivu wa Cambridge, uliohusu namna Wakamba walivyopokea mahubiri ya siku za mwisho. Hivyo hoja ilijengwa juu ya Kikamba, lakini ikavikwa maneno ya Kiswahili.

Kiswahili hakiibebi hoja hiyo kwa urahisi. Mofimu -ta-, ambayo wanaisimu huihusisha na kitenzi -taka, haina kikomo cha umbali: mvua itanyesha jioni, na wafu watafufuliwa. Baada ya kesho kutwa kuna mtondo, kisha mtondogoo. Inaweza kudaiwa kuwa kiyama na akhera ni maneno ya mkopo yaliyokuja na Uislamu, na dai hilo ni la kweli. Mofimu -ta-, hata hivyo, ni ya Kibantu. Neno zamani lenyewe lina asili ya Kiarabu, jambo ambalo wanaolitaja kama kielelezo cha fikra ya Kiafrika hulipita kimyakimya.

Katika kozi hiyohiyo husomwa Okot p'Bitek, ambaye katika African Religions in Western Scholarship (1970) aliwalaumu wataalamu, Mbiti akiwa miongoni mwao, kwa kuivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki. Mfano wake maarufu unahusu Waacholi. Wamisionari waliwauliza wazee ni nani aliyewaumba, na lugha haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana waliyoikusudia. Swali likageuzwa kuwa ni nani aliyewafinyanga. Jibu likawa Rubanga, pepo aliyehusishwa na ugonjwa wa uti wa mgongo unaosababisha kibyongo. Jina hilo likawa jina la Mungu katika mahubiri.

Visa hivi viwili havifanani kwa uzito, lakini vyote vinaonyesha neno likifanya kazi ambayo wasemaji wake hawakulituma. Kwa mtahiniwa anayeandika tasnifu kwa Kiswahili, athari ni ya moja kwa moja. Akiandika kwamba marehemu yumo katika zamani, msomaji ataelewa tu kuwa mtu huyo alifariki siku nyingi zilizopita, na dhana ya Mbiti itapotea bila yeyote kutambua. Herufi kubwa husaidia kwa kiasi kidogo, maana haisikiki katika utetezi wa mdomo. Lililo salama zaidi ni kuitaja istilahi pamoja na mwenyewe, yaani Zamani ya Mbiti, kisha kuonyesha kwa data ya jamii inayochunguzwa, iwe ya Wasukuma, Wazaramo au Wapare, iwapo wakati ujao katika lugha yao unaishia pale alipodai.