Ufa au mkunjo? Neno lilivyomponza fundi wa tanuri

Nilipokuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha kufua vyuma, kila mstari mweusi juu ya chuma uliitwa kreki. "Hii imekreki, mzee," vijana walikuwa wakiniambia, nami najaza fomu: ufa. Kosa, tena langu, lilianzia hapo.

Kufua si kusubu. Anayesubu huyeyusha chuma akakimimina katika kalibu. Anayefua hukipasha moto hadi nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi, kikalainika bila kuyeyuka, kisha hukigonga ndani ya kalibu kishike umbo. Sasa, pembe ya kalibu ikiwa kali mno, uso wa chuma hujikunja ukajilalia bila kushikana. Huo ni mkunjo. Ufa ni chuma chenyewe kupasuka, pengine kwa moto uliopita kiasi au kupozwa haraka. Kwa macho, vyote viwili ni uzi tu. Lakini ukikata kipande, ukakisugua na kukitazama kwa hadubini, aghalabu mkunjo huonekana umeingia kimshazari, na ndani yake mna magamba ya chuma kilichoungua.

Sisi hatukukata. Fomu ilisema ufa, na ufa ni moto, basi fundi wa tanuri akaandikiwa barua ya onyo. Wiki mbili baadaye pembe ya kalibu ilichongwa upya, mistari ikatoweka. Nilisahihisha fomu. Barua ilibaki katika faili lake.