Imezimika, imezimwa au imejizima? Vitenzi vya hitilafu katika kompyuta ya mezani ya Linux

Mkazi wa Ifakara akisema "umeme umekatika", jirani yake huchungulia nje kuona kama mtaa mzima umeingia giza. Akisema "umeme umekatwa", jirani hachungulii popote; huuliza deni ni kiasi gani. Na akisema "umeme umeisha", mtoto hutumwa kwenda kununua yuniti za LUKU. Giza ni lilelile, lakini hatua tatu tofauti huchukuliwa kwa sababu ya vitenzi vitatu. Hakuna aliyefundishwa jambo hili darasani.

Hali ni hiyohiyo kwa barabara za bonde la Kilombero wakati wa masika. "Haipitiki" ni habari ya tope na maji. "Imefungwa" ni habari ya mtu mwenye mamlaka. Kabla ya daraja la Mto Kilombero kuzinduliwa mwaka 2018, abiria wa Mahenge na Malinyi waliotegemea kivuko walijua vizuri tofauti ya "kivuko kimesimama" na "kivuko kimesimamishwa". Tamko la kwanza huacha swali wazi, la pili humtaja mtendaji hata kama jina lake halitajwi.

Wanasarufi huita umbo la "-katika" kauli ya kutendeka, na la "-katwa" kauli ya kutendwa. Kauli ya kutendwa hubeba mtendaji mgongoni, ndiyo maana tunaweza kuongeza "na fulani". Kauli ya kutendeka haimbebi: hatusemi "kikombe kimevunjika na mtoto". Kwa hiyo mtu akikuletea habari ya kitu kilichoharibika kwa kauli ya kutendwa, ana haki ya kuulizwa "na nani?". Akiileta kwa kauli ya kutendeka, anastahili kuulizwa hali ya kitu chenyewe. Nimeusomesha ukweli huu kwa miaka mingi bila kuutumia mahali ulipohitajika zaidi.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alikuwa Ifakara akikusanya msamiati wa Kindamba kutoka kwa wazee wa bondeni. Sauti alizozirekodi alizihifadhi katika kompyuta ya mezani ya mtumba, yenye Ubuntu. Asubuhi moja alinipigia simu. "Shikamoo, Mwalimu. Kompyuta imekufa." Nikaitikia, nikampa pole, nikamwambia aipeleke kwa fundi. Kwa fundi alirudia maneno yaleyale, na fundi, kwa uaminifu kamili kwa lugha aliyoisikia, akaifufua: alisafisha diski yote na kusimika mfumo upya. Kompyuta ikawaka vizuri sana. Sauti za miezi miwili hazikuwamo tena, na nakala aliyokuwa nayo kwenye simu ilikuwa ya wiki ya mwisho tu. Mmoja wa wazee wale alikuwa ameshafariki.

Baadaye, tulipoketi kuzungumza, nilimwuliza swali nililopaswa kumwuliza siku ile: uliona nini hasa? Akasema skrini iliwaka, jina lake likatokea, akaandika nenosiri, skrini ikapepesa mara moja, kisha ikamrudisha palepale pa kuandika nenosiri. Hakuambiwa kwamba nenosiri si sahihi. Alirudishwa tu, kila mara. Kompyuta hiyo haikuwa imekufa. Kwa uwezekano mkubwa ilikuwa imejaa.

Maelezo yake ni haya. Mtumiaji anapoingia, mfumo wa Linux huhitaji kuandika mafaili madogo katika kabrasha lake la nyumbani kabla ya kumwonyesha dawati. Nafasi ikikosekana, uandishi hushindwa, naye hurudishwa mlangoni bila kuelezwa. Sauti isiyobanwa, ya ubora wa kawaida wa santuri ya CD, hula takriban MB 600 kwa saa moja, na yeye alikuwa akirekodi saa nyingi kila siku. Tena alikuwa "akifuta" nakala za ziada kwa kipanya, na hapa pana mtego mwingine wa kitenzi: faili la namna hiyo halijafutwa, limetupwa tu. Limo pipani, na pipa limo ndani ya diski ileile, likishika nafasi ileile hadi litakapomwagwa.

Dawa yake haigusi data hata kidogo. Katika ukurasa ule wa nenosiri, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na F3. Utapata skrini nyeusi ya maandishi, ambako utaandika jina lako na nenosiri. Amri "df -h" itaonyesha kila sehemu ya diski na kiwango kilichotumika. Ukiona 100% mbele ya alama "/" au "/home", umempata mgonjwa na ugonjwa. "sudo apt clean" huondoa vifurushi vilivyopakuliwa ambavyo havihitajiki tena; "sudo journalctl --vacuum-size=200M" hupunguza kumbukumbu za mfumo; na pipa lenyewe limo katika kabrasha ".local/share/Trash". Ukipata nafasi ya kutosha, rudi kwenye ukurasa wa kuingilia. Kwa kawaida ni Ctrl, Alt na F1 au F2, au uandike tu "sudo reboot".

Tangu siku hiyo huwa siipokei "imekufa" kutoka kwa mtu yeyote. Neno hilo si kosa la sarufi, lakini halimwachii msikilizaji swali lolote la kuuliza isipokuwa la mazishi.

Tuanze na kuzima, kwa kuwa ndiko malalamiko yaliko mengi zaidi. Siku hizi wengi husema "kompyuta imezima", na sina ugomvi na matumizi hayo katika mazungumzo. Ila kwa anayetafuta chanzo, maumbo matatu yanafaa kutenganishwa. "Imezimika" ni ya mshumaa uliopulizwa na upepo: umeme umekatika, au waya umelegea. "Imezimwa" ina mtu, au programu iliyopewa amri. "Imejizima", yenye kile kirejeshi "-ji-", ndiyo yenye siri: mashine imeamua yenyewe, na mara nyingi sababu ni joto. Katika bonde lenye joto kama la Kilombero, na vumbi la kiangazi lililoganda kwenye feni, kompyuta ya zamani hufika kiwango cha hatari cha joto na kujizima ili isiungue.

Unawezaje kuyatofautisha maumbo haya ikiwa hukuwapo? Linux huandika batli. Neno hili, ambalo mabaharia walilitumia kwa kitabu cha kumbukumbu za safari ya chombo, linafaa hapa kuliko jingine lolote ninalolijua, kwa maana kila mara kompyuta inapowashwa ni safari mpya. Amri "journalctl -b -1 -e" hufungua ukurasa wa mwisho wa safari iliyotangulia. Ukikuta mistari ya huduma zikifungwa moja baada ya nyingine, ilizimwa. Ukikuta onyo la joto kupita kiasi, ilijizima: fungua kasha, safisha feni. Mistari ikikoma ghafla katikati ya shughuli za kawaida, ilizimika, nawe tazama ukutani kabla ya kutazama ndani. Hukumu hii si kamilifu, kwani mashine iliyopata joto kali mno huweza kuzimika kabla ya kuandika chochote, lakini hutosha mara nyingi.

Baada ya kuzimika huko, huenda asubuhi ukakutana na skrini nyeusi yenye neno "initramfs" na maagizo ya kufanya ukaguzi kwa mkono. Watu wengi hudhani diski imekwisha. Kwa kawaida ni mfumo wa mafaili uliokatizwa katikati ya sentensi. Skrini yenyewe hutaja sehemu yenye shida, kwa mfano "/dev/sda2". Andika "fsck -y" ikifuatiwa na jina hilo kama lilivyotajwa, usubiri, kisha "reboot". Nasisitiza: jina lililotajwa katika skrini yako, si lililo katika makala hii. Na ikiwa diski inatoa milio ya kugongagonga, usiikague. Nakili kwanza kilichomo.

Jozi ya pili ni "kuganda" na "kukwama". Maziwa yakiganda, yameganda yote. Gari likikwama kwenye tope la njia ya Mlimba, redio yake bado inaimba. Kompyuta iliyoganda haisogezi hata kipanya. Iliyokwama ina dirisha moja lisiloitika huku mengine yakifanya kazi. Kwa programu iliyokwama, ifunge hiyo peke yake: amri "pkill firefox" humfunga Firefox na kuwaacha wengine na kazi zao. Kwa iliyoganda, jaribu kwanza zile Ctrl, Alt na F3. Mara nyingi utaona kwamba ni dawati pekee lililoganda na chini yake mfumo uko macho. Kubonyeza kitufe cha umeme kwa nguvu ni hatua ya mwisho, na kunakupeleka kwenye ile "imezimika" tuliyokwisha kuieleza. "Inasuasua" ni habari nyingine. Amri "free -h" itakuonyesha kama kumbukumbu ya RAM imekwisha, na mara nyingi mkosaji ni kivinjari chenye kurasa thelathini zilizofunguliwa.

Sasa kwenye flashi. Tanzania nzima tunasema "kompyuta haisomi flashi", tamko linalofunika angalau hali tatu. Kama haionekani kabisa, hata amri "lsblk" haiiorodheshi, shida ni tundu, flashi au waya. Kama inaonekana lakini haifunguki, mfumo wake wa mafaili umeharibika. Kama inafunguka lakini haiandikiki, huenda ilichomolewa kwenye kompyuta ya Windows bila kuagwa, au Windows ilikuwa imelala tu badala ya kuzimwa kikamilifu. Linux, kwa tahadhari, huifungua kwa kusoma tu. Irudishe kwenye Windows hiyo, izime kabisa, au uitoe kwa utaratibu. Usikubali kuisafisha upya kwa sababu ya "haisomi".

"Haifunguki" inastahili kulinganishwa na "haifunguliwi", hapa ambapo tofauti ya kutendeka na kutendwa huonekana kwa uwazi kuliko popote. Faili lisilofunguka lina kasoro mwilini. Faili lisilofunguliwa ni zima, ila kuna anayekataza. Ukipewa ujumbe wa kunyimwa ruhusa, jambo hili hutokea sana kwa mafaili yaliyohamishwa kutoka diski ya zamani, andika "ls -l" uone mmiliki ni nani. Ikiwa ni mafaili yako, "sudo chown -R" pamoja na jina lako la mtumiaji na jina la kabrasha yatakurudishia umiliki. Usielekeze amri hiyo kwenye makabrasha ya mfumo.

Vivyo hivyo na tovuti. Kompyuta iliyokaa miezi kabatini betri yake ndogo ya saa hufa, nayo huamka ikiamini kwamba ni mwaka mwingine. Kivinjari hulinganisha tarehe hiyo na muda wa vyeti vya usalama, kisha hukataa karibu kila tovuti. Mtumiaji hulalamika kuwa "mtandao haufunguki", ilhali mtandao upo; ni tovuti zisizofunguliwa, na mwenye kukataza ni kivinjari. Amri "timedatectl" itakuonyesha tarehe ambayo mashine inaiamini. Na wakati wa kusimika programu, ukiambiwa kwamba kufuli limeshikwa na mwingine, hapo sarufi yenyewe imekupa jibu: uliza ni nani. Mara nyingi ni masasisho ya kiotomatiki yanayoendelea chinichini. Mwache amalize.

Wapo watakaouliza kwa nini ujumbe huu wote usije kwa Kiswahili. Juhudi zimekuwapo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi ya kompyuta kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Oktoba lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, jina ambalo ni ndugu wa damu wa "utu" wetu, isipokuwa Kiswahili kiliiangusha nazali iliyotangulia "t". Maoni yangu ni kwamba tumetumia nguvu nyingi mno kushindanisha nomino, kompyuta na tarakilishi na ngamizi, na chache mno kwa vitenzi. Menyu hutosheka na amri: fungua, funga, hifadhi. Ujumbe wa hitilafu hauwezi kuandikwa bila kuchagua kauli. Mpaka hapo, ukiomba msaada, nakili ujumbe wa Kiingereza kama ulivyo, herufi kwa herufi, kisha eleza kwa Kiswahili ulichokiona kabla yake na baada yake.

Mwaka uliofuata mwanafunzi yule alirudi Ifakara, akaanza upya na wazee waliobaki. Mwezi wa pili akapiga simu. "Shikamoo, Mwalimu. Sijaipeleka kwa fundi. Inawaka, inanirudisha kwenye nenosiri, na df inasema asilimia mia." Nikamwuliza pipani mna nini. Akanyamaza kidogo, nikasikia vitufe vikigongwa.

"GB thelathini na moja," akasema.