Mzee Mwenye Nyonga Bandia Akivunjika Paja



Siku hizi wapo wazee waliowekewa nyonga bandia baada ya nyonga zao kuharibika. Upasuaji huo, ulioanza kupata mafanikio makubwa mwaka 1962 mikononi mwa daktari John Charnley wa Uingereza, hufanyika pia nchini kwetu, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Nyonga bandia ina shina la chuma lililochomekwa ndani ya mfupa wa paja. Mzee akianguka, mfupa unaweza kuvunjika penye chuma hicho. Paja huuma sana, mguu hupinda au huwa mfupi, naye hawezi kusimama. Damu nyingi huweza kuvuja ndani ya paja bila tone kuonekana nje.

Fanyeni hivi:
1. Msimkande wala kuuvuta mguu.
2. Mlazeni. Wekeni kanga iliyokunjwa katikati ya miguu, kisha fungeni mguu uliovunjika pamoja na ule mzima.
3. Mpelekeni hospitali kwa machela.
4. Mwambieni daktari kwamba ana nyonga bandia. Chukueni na vyeti vyake vya upasuaji.

Daktari atapiga picha ya eksirei ili ajue kama shina bado limekaza. Fikiria jembe lako. Mpini ukipasuka huku jembe limekaza, unaweza kuufunga. Lakini jembe likicheza, kufunga nje hakusaidii.

Shina likiwa limekaza, daktari huunga mfupa kwa bamba la chuma. Chini ya shina, skrubu hupenya mfupa upande hadi upande. Penye shina hazina njia, hivyo hutumia waya wa kuzungushia mfupa, au skrubu fupi. Shina likiwa limelegea, huondolewa, likawekwa refu zaidi linalopita pale palipovunjika.

Msiogope upasuaji. Mzee akilala kitandani wiki nyingi hupata vidonda vya mgongo, nimonia, na damu kuganda miguuni. Akishapasuliwa, atumie magongo mpaka daktari amruhusu kuyaacha. Mfupa huhitaji miezi 3 au zaidi kuunga.

Kinga ni bora kuliko tiba. Ondoeni mawe na visiki kwenye njia ya chooni, mpeni mzee fimbo, na taa usiku. Akilalamika kwamba paja linauma anapotembea, hata kama hakuanguka, mpelekeni hospitali mapema: huenda shina limeanza kulegea.