Muziki wa Motoka: Waya, Moto na Masikio

Ndugu wafanyakazi, nanyi mama na vijana wa nyumbani,

Motoka nyingi za kambi na za mji zimefungwa bafle kubwa ya besi nyuma, pamoja na ampli ya kuisukuma. Mtu aliyetumika mwezi mzima akitaka kusikia rumba vizuri katika njia ya Likasi ao ya Kolwezi, hakuna ubaya. Lakini kazi ya kuifunga mara nyingi inafanywa upesi, kwa waya yoyote iliyo karibu. Ndiyo sababu ukurasa wa usalama na afya unaisemea leo. Waya isiyofaa inawasha moto, na moto huo unawakuta watu wakiwa wamefunga milango.

AMPLI NA BAFLE ZIPATANE

Kabla ya kununua, tafuta nambari mbili.

Nambari ya kwanza ni wati. Soma zile zilizoandikwa RMS, maana hiyo ndiyo nguvu ambayo chombo kinaweza kubeba kwa muda mrefu. Ile nambari kubwa ya MAX juu ya karatoni ni ya kuvuta wanunuzi. Bafle ya wati 300 RMS inataka ampli inayotoa karibu wati 300 RMS. Ampli ndogo nayo ina hatari yake: ukiilazimisha kupita nguvu yake, sauti inakwaruza, na bobini ya bafle inaweza kupata joto hata kuungua.

Nambari ya pili ni omu, yaani kiasi ambacho bafle inauzuia umeme. Bafle mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, + pamoja na +, − pamoja na −, zinakuwa omu 2. Zikiungwa kwa kufuatana, + ya moja kwa − ya nyingine, zinakuwa omu 8. Bafle moja yenye bobini mbili inahesabiwa namna ile ile. Sasa angalia: bafle mbili, kila moja na bobini mbili za omu 4, zote zikiungwa sambamba, zinakuwa omu 1 tu.

Omu zikipungua, ampli inatoa umeme mwingi zaidi. Kama kitabu chake kinasema mwisho ni omu 2, nawe unaitwisha omu 1, itachemka, kisha itajizima ao itaungua. Tena, ukiunganisha njia zake mbili ziwe moja, mwisho huo unapanda. Kwa ampli nyingi unakuwa omu 4. Soma kitabu, ao mwambie fundi apime kwa multimetri kabla ya kuunga.

WAYA NENE KADIRI YA MZIGO

Tufanye hesabu pamoja. Ampli ya wati 500 RMS ya aina D inapoteza sehemu ndogo tu kwa joto. Tuseme inavuta wati 625 kutoka batri. Motere ikizunguka, umeme wa motoka ni karibu volti 14. Gawanya 625 kwa 14: ni karibu amperi 45. Ampli ya aina ya zamani, AB, inavuta zaidi, amperi 60 na kupita.

Sasa mtu anachukua waya ya nyumba, ya milimita 2.5 za mraba, anaipitisha mita 5 kutoka batri mpaka nyuma. Ampli ikipiga kwa nguvu yote, amperi 45 zinaacha ndani ya waya ile joto la karibu wati 70. Ni kama kuficha taa ya umeme inayowaka chini ya tapi, kando ya kiti cha watoto. Plastiki inalainika, waya inagusa chuma cha motoka, na moto unashika. Waya ya shaba ya milimita 16 za mraba, kwa urefu ule ule, inabakiza wati 11 tu.

Sisi tunaotoa shaba ardhini tusidanganywe kwa shaba. Waya nyingi za soko ni aluminiyumu iliyopakwa shaba juu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, jua kwamba waya hiyo inapitisha umeme kiasi cha sehemu 6 tu kwa 10 za shaba safi. Chagua nene zaidi ao uiache.

Kisha fizibu. Wengi wanafikiri iko kwa ajili ya ampli, na kwa hiyo wanaiweka nyuma. Fizibu kubwa inalinda waya, kwa hiyo inakaa karibu na batri, sentimita 20 ao 30, isipite 45. Waya yote iliyo kati ya batri na fizibu haina mlinzi. Kwa ampli hii na waya ya milimita 16, fizibu ya amperi 60 inatosha. Ikikatika, tafuta sababu. Anayeifunga kwa karatasi ya sigara ao kipande cha waya amefukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

KANUNI ZA KAZI

1. Vua pete na saa. Fungua kwanza upande wa − wa batri, na uurudishe wa mwisho.
2. Usivute sigara karibu na batri: inatoa hewa inayoweza kulipuka.
3. Waya ikipita katika tundu la chuma, weka mpira ili isikatwe.
4. Waya ya − iwe nene kama ya +, iwe fupi, na ifungwe kwa chuma kilichokwaruzwa rangi.
5. Funga sanduku la bafle kwa nguvu. Motoka ikigonga, sanduku linaruka juu ya watu.
6. Motere ikizimwa, usipige muziki mrefu. Asubuhi batri haitawasha motoka, nawe utachelewa kazini.

MASIKIO HAYANUNULIWI

Mashini ya kutoboa jiwe inapita desibeli 100. Kwa desibeli 85 mtu anaweza kukaa saa 8. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda unagawanyika kwa mbili: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15 tu. Motoka yenye ampli kubwa na madirisha yaliyofungwa inaweza kufika hapo na kupita. Mfanyakazi aliyetoka kwenye kelele ya mgodi anahitaji kupumzisha masikio, naye anayaongezea mzigo njiani. Vinywele vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa, havioti tena. Kama masikio yanalia ao unasikia kama kupitia pamba, punguza sauti, na yakiendelea uje dispensere. Watoto wasikae kando ya bafle.

AJALI IKITOKEA

Moshi ukionekana, simamisha motoka, zima motere, toa watu wote, kaeni mbali. Aliyeungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Msipake mafuta, dawa ya meno wala unga. Maji ya batri yakiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi dakika 20 ao zaidi, kisha njooni lopitali bila kungoja kesho.

Ndugu, mkipanga bei ya muziki, hesabuni pia waya na fizibu. Asiye na pesa ya waya nzuri, angoje mshahara ujao kabla ya kufunga ampli.