Ubao Ukiandika 0, Tuko Salama?

Ndugu wafanyakazi, nanyi mama mnaowangoja nyumbani,

Kila mwezi hesabu ya ajali inabandikwa kwenye ubao, mlangoni mwa mgodi. Wengi wanapita bila kuisoma. Tuielewe.

Hesabu ni mbili. Ya kwanza inaonyesha ajali zinatokea mara ngapi: ajali zilizomfanya mtu akose kazi, mara 1.000.000, gawanya kwa saa zote za kazi. Ya pili inaonyesha ukali wake: siku zilizopotea, mara 1.000, gawanya kwa saa zilezile. Mfano: watu 500 wakifanya kila mmoja saa 200, ni saa 100.000. Ajali 2 zikileta siku 30 za kupumzika, hesabu ya kwanza ni 20, ya pili ni 0,3.

Lakini hesabu inajua tu yale iliyoambiwa. Siku moja mtu alifika dispensari, mkono umevimba. Alisema aliumia akipasua kuni nyumbani. Nilipokuwa ninamfunga, alisema kweli: aliteleza kazini, kwenye ngazi yenye kipandio kilichovunjika. Timu yake ilikuwa karibu kupata zawadi ya kukaa bila ajali, naye hakutaka kuwaharibia wenzake. Ubao ulibaki 0. Ngazi nayo ilibaki vilevile. Siku chache baadaye mwenzake alianguka palepale, akavunjika mguu.

Kuficha hatari kunaua. Tarehe 5 Aprili 2010, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Upper Big Branch, West Virginia, Marekani, mlipuko uliua watu 29. Wachunguzi walikuta kampuni ilikuwa na vitabu viwili: hatari zilizoandikwa katika kitabu cha ndani hazikuandikwa katika kile cha wakaguzi wa serikali.

Kwa hiyo tusihesabu walioumia peke yao. Tuhesabu pia mawe yaliyoanguka bila kumgusa mtu, hatari zilizoarifiwa, na siku zilizopita kabla ya kutengenezwa. Habari zikiongezeka, kapita asikasirike: watu wameanza kusema. Zikikosekana kabisa, aulize kwa nini.

Sasa kila mtu na kazi yake:

– Mfanyakazi: umeumia, hata kidogo? Mwambie kapita, uje dispensari siku ileile, useme mahali penyewe.
– Kapita: andika yote, fuata mpaka kitu kitengenezwe.
– Mama: bwana akirudi na kidonda, muulize kama kimeandikwa. Ajali ya kazi ikiitwa ya nyumbani, na kidole kikikakamaa baadaye, itakuwa vigumu kudai haki yake.

Zawadi ya timu inaliwa siku moja. Mguu ni wa maisha yote.