Kabla ya Kulipia Safari ya Kuona Potwe Mafia

Kuanzia Oktoba hadi Machi, papa potwe hukaribia pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Mafia, hasa mbele ya mji wa Kilindoni. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini si wa kutisha: chakula chake ni uduvi na viumbe wengine wadogo, ambao huwachuja kwa matamvua akiwa amefungua kinywa karibu na uso wa maji. Uduvi nao hustawi hapo kwa kuwa bahari iliyo kati ya kisiwa na delta ya Mto Rufiji ina rutuba nyingi. Siku ambayo uduvi wamehama au bahari imechafuka, potwe haonekani, na hakuna nahodha awezaye kubadili jambo hilo.

Kwa hiyo mwenye kuahidi kwamba potwe ataonekana bila shaka anauza kitu asichokimiliki. Hasara ya ahadi hiyo haimpati mteja peke yake. Nahodha aliyekwisha kuahidi hushawishika kumfukuza samaki na kumkatia njia. Potwe aliyesumbuliwa huacha kula na kuzama, na pangaboi la boti huweza kumjeruhi vibaya. Tangu mwaka 2016 ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, naye huchukua zaidi ya miaka 20 kufikia umri wa kuzaa.

Wageni wengi hudhani kwamba Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo inayomlinda potwe. Hifadhi hiyo iko upande wa kusini, na malisho makuu ya potwe yako nje ya mipaka yake. Risiti ya ada ya hifadhi, basi, si malipo ya safari ya potwe. Na huko malishoni ulinzi hutegemea zaidi mwenendo wa nahodha na wa mgeni mwenyewe.

Kabla ya kulipa, uliza iwapo fedha hurejeshwa safari ikiahirishwa kwa sababu ya upepo, na iwapo hurejeshwa potwe asipoonekana. Hayo ni mambo mawili tofauti, na majibu yake yaandikwe kwenye risiti. Uliza pia ni wageni wangapi huingia majini kwa pamoja, na kama kila abiria ana jaketi la kujiokolea. Anayechukizwa na maswali haya, tafuta mwingine.

Majini, kanuni ya nchi nyingi ni kukaa mita 3 kutoka mwilini mwa potwe na mita 4 kutoka mkiani. Asiguswe, wala asipigwe picha kwa mwanga wa kamera. Picha ya kawaida ya ubavu wake ina manufaa, kwani madoa ya kila potwe ni ya pekee na watafiti huyatumia kumtambua. Badala ya kujipaka mafuta ya kuzuia jua, vaa fulana ya mikono mirefu. Wavuvi hutumia maji hayohayo. Boti isipite juu ya nyavu zao.

Aliyetozwa kinyume cha makubaliano atunze risiti, tarehe na jina la boti, kwa maana lalamiko lisilo na vielelezo hivyo ni vigumu kulifuatilia.