Msumeno wa mtumba: Fungua eksozi kabla ya kufungua pochi

MSUMENO wa cheni uliokwisha kutumika ni bidhaa ndogo yenye faida ya haraka. Huingia kwenye gunia, hupanda basi la usiku na kufika ng'ambo ya mpaka mteja akiwa anausubiri: mwenye shamba anayetaka kupunguza matawi ya mgrivelea, au familia yenye mkaratusi ulioanguka uani na kuni za kupasua. Tatizo ni kwamba bidhaa hiyo hiyo, ikinunuliwa kwa macho tu, hurudishwa kwa muuzaji ndani ya wiki moja ikiwa imenoki, na mteja huyo haonekani tena.

Wanaoijua biashara hii hawaanzi na rangi. Rangi hupulizwa upya kwa dakika chache, na nakala bandia za Stihl na Husqvarna zimejaa masokoni. Wao huanza na kamba ya kuwashia. Injini ikiwa imezimwa, mnunuzi hushika mpini wa kamba hiyo na kuuacha msumeno uning'inie. Ukishuka polepole, kwa kusitasita, kompresheni ipo. Ukiporomoka mara moja kama ndoo ya kisimani, ringi au silinda imechoka.

Hatua ya pili huwakera wauzaji, lakini ndiyo inayookoa fedha. Ni kufungua eksozi, kazi ya skrubu au nati chache tu. Kupitia tundu lake pistoni huonekana. Ikiwa laini, hata kama ina weusi wa moshi, ni nzuri. Ikiwa na mikwaruzo ya wima kutoka juu hadi chini, injini hiyo iliwahi kukimbia bila oili ya kutosha au kwa hewa nyingi kuliko petroli. Muuzaji anayekataa eksozi isifunguliwe amekwisha kujibu swali.

Ukubwa nao hudanganya. Stihl 070, yenye injini ya sentimita za ujazo 106 hivi, imejijengea jina kwa kupasua mbao misituni, na wateja wengi huiulizia kwa sifa hiyo. Lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 10, na nyingi hazina breki ya cheni. Kwa kazi za nyumbani, injini ya sentimita za ujazo 30 hadi 45 inatosha. Anayefunga mkono mrefu wa cheni kwenye injini ndogo ili ipate bei anauza hatari: injini hulemewa, pampu ya oili haiufikishii mkono wote mafuta, na ncha hugusa mahali ambapo mkataji haoni. Ncha ikigusa gogo, msumeno huruka nyuma kuelekea usoni. Kuuboresha msumeno wa nyumbani mara nyingi ni kuufunga mkono mfupi zaidi.

Fedha ya matengenezo iende kwanza kwenye breki. Cheni ikiwa inazunguka, kinga ya mbele ikisukumwa, cheni isimame papo hapo. Injini ikiwa katika mwendo wa chini kabisa, cheni isizunguke hata kidogo. Ikizunguka, mwendo huo uko juu mno au springi za klachi zimelegea. Baada ya hapo hubadilishwa bomba la petroli, ambalo hukakamaa na kupasuka kwa uzee, filta ya ndani ya tangi, filta ya hewa, plagi na viwambo vya kabureta. Cheni mpya ifungwe na sproketi mpya, kwa kuwa sproketi iliyolika huila cheni kabla ya wakati wake.

Kisha kuna jambo ambalo muuzaji wa mji mmoja hana haja ya kulifikiria, lakini anayevuka mipaka hawezi kulikwepa: mwinuko wa nchi. Eldoret iko kwenye mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani. Fundi wa huko hupunguza petroli kwenye kabureta ili injini isizibwe na mafuta, na yuko sahihi kabisa. Msumeno huo ukiteremshwa hadi Mombasa na kuvushwa Horohoro kuingia Tanga, hukutana na hewa nzito wakati petroli ni ile ile kidogo. Kwa kuwa oili ya injini husafiri ndani ya petroli, petroli ikipungua oili nayo hupungua. Msumeno utawaka vizuri, utalia kwa sauti nyembamba na kali ambayo mteja ataifurahia, kisha pistoni itakwaruzika.

Tiba yake ni bisibisi ndogo. Skrubu yenye herufi H hufunguliwa kidogo kidogo, kinyume cha mwendo wa saa, hadi injini inapokimbia kwa kasi bila kazi itoe mlio mzito wa kukatakata, ambao hutulia msumeno unapoingia kwenye gogo. Safari ya kupanda milimani ni kinyume chake: msumeno uliotengwa pwani hutoa moshi na kukosa nguvu, jambo linalokera ila haliui injini upesi. Baadhi ya misumeno ya kisasa hujirekebisha yenyewe, lakini mingi ya mitumba haina uwezo huo.

Mteja naye apewe kipimo cha mafuta, hata kwa kuandikiwa kwenye kipande cha karatasi. Kwa oili nzuri ya tu-taimu, kipimo cha kawaida cha Stihl na Husqvarna ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Oili ya gari haifai kuchanganywa humo. Oili chafu iliyomwagwa gereji nayo isiwekwe kwenye tangi la kulainisha cheni, kwani ina vumbi la chuma linaloila pampu. Tupa ya kunolea ilingane na cheni: milimita 4 kwa cheni nyingi ndogo za nyumbani, 4.8 kwa zile za inchi 0.325. Msumeno unaotoa unga badala ya vipande vya mti unaomba tupa, na kuusukuma kwa nguvu ni kuuchosha bure.

Mpakani, Cheti Rahisi cha Uasili hakisaidii. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Msumeno wa Ujerumani au China haubadiliki uasili kwa kununuliwa Nairobi. Hesabu ya ushuru ifanywe kabla ya kulipa. Tena, maofisa wa misitu, wawe wa TFS Tanzania, KFS Kenya au NFA Uganda, hawautazami msumeno huu kama wanavyolitazama jembe. Ofisi yao iliyo karibu iulizwe mapema kuhusu usajili na vibali, na namba iliyogongwa kwenye mwili wa msumeno iandikwe kwenye risiti. Ikiwa namba hiyo imekwanguliwa, msumeno huo ubaki kwa muuzaji.